Mashine za kupumulia: Kenya yahitaji mikono stadi kuliko vyuma vipya

TANGU Machi 2020, maradhi ya Covid-19 yalipobisha hodi nchini, mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua imekuwa kipimo ambacho wanasiasa hutumia kupimia ubora wa hospitali. Gavana anapotaka kudhihirisha kazi aliyoitenda, hufungua chumba cha wagonjwa mahututi, hukata utepe na kupigwa picha kando ya mashine mpya. Wapinzani wake nao hujibu kwa kuhesabu mashine ambazo hazipo.

Hesabu hiyo ina maana yake, kwani mgonjwa ambaye mapafu yake yamelemewa hana muda wa kungoja. Hata hivyo, inaficha jambo ambalo madaktari wamelijua kwa takriban nusu karne. Mashine hiyo hiyo inayookoa maisha yaweza kuyajeruhi mapafu, na jeraha hilo laweza kuwasha moto unaoenea hadi kwenye figo, ini na moyo.

Kwa hivyo, swali ambalo Wakenya wanapaswa kuiuliza Wizara ya Afya na serikali za kaunti si idadi ya mashine pekee. Ni lazima pia waulize ni nani anayeziendesha, anazipima vipi, na mgonjwa anatoka huko akiwa katika hali gani.

Ili kulielewa suala hili, yafaa kurejea mjini Copenhagen, Denmark, mnamo Agosti 1952. Ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ulikuwa umezuka na kuwavamia watoto na vijana kwa mamia. Katika hospitali ya Blegdam, wagonjwa 27 kati ya 31 wa kwanza waliopoteza uwezo wa kupumua walifariki katika muda wa majuma machache.

Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alipendekeza mgonjwa atobolewe koo, aingizwe mrija, kisha hewa isukumwe mapafuni kwa kufinya mfuko wa mpira kwa mkono. Kwa kuwa hapakuwa na mashine za kutosha kwa kazi hiyo, wanafunzi wapatao 1,500 wa udaktari na wa meno waliitwa kufinya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana.

Idadi ya vifo ilishuka mno. Hapo ndipo ilipozaliwa idara tunayoiita leo ICU. Yafaa kukumbuka kwamba iliasisiwa na mikono ya binadamu waliokaa kando ya kitanda na kumtazama mgonjwa kifua kikipanda na kushuka. Mashine zilikuja baadaye kuipumzisha mikono hiyo.

Pumzi inayosukumwa

Binadamu anapopumua mwenyewe, misuli ya kifua na kiwambo kilicho chini ya mapafu huvuta, kifua hupanuka, na hewa huingia taratibu. Mashine hufanya kinyume chake. Huisukuma hewa kwa nguvu kutoka nje hadi ndani.

Mapafu mazima yaweza kuistahimili nguvu hiyo kwa muda. Mapafu yaliyougua hayawezi. Mwaka 1967, madaktari wa Marekani walieleza katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 12 ambao mapafu yao yalijaa majimaji ghafla baada ya ajali au maradhi mengine, wakashindwa kupata oksijeni ya kutosha. Hali hiyo sasa hufahamika kwa kifupi kama ARDS.

Katika hali hiyo, vifuko vingi vya hewa vimezibwa na majimaji au vimesinyaa. Daktari Luciano Gattinoni wa Italia alidhihirisha kwamba sehemu inayobaki wazi katika mapafu ya mtu mzima aliyeugua yaweza kuwa ndogo kama pafu la mtoto. Ukilisukumia pafu hilo dogo kiasi cha hewa kinachomfaa mtu mzima mwenye siha, vifuko vichache vilivyosalia hubeba mzigo wote na kunyooshwa kupita kiasi.

Ushahidi wa maabara ulianza kujitokeza mwaka 1974. Watafiti Webb na Tierney walitumia panya waliopuliziwa hewa kwa shinikizo kubwa, na katika muda usiozidi saa moja mapafu ya panya hao yalikuwa yamevimba na kujaa maji. Wenzao ambao mapafu yao yaliachiwa shinikizo dogo mwishoni mwa kila pumzi, ili vifuko visifunge kabisa, waliepuka sehemu kubwa ya madhara hayo.

Mwaka 1988, mtafiti Didier Dreyfuss na wenzake nchini Ufaransa walifunga vifua vya panya ili visipanuke, kisha wakawapulizia hewa kwa shinikizo kubwa vilevile. Mapafu hayakuvimba. Ikabainika kwamba mjeruhi mkuu ni kule kunyooshwa kwa pafu, wala si shinikizo kwa lenyewe.

Mjumbe mwenye ukali

Kwa miaka mingi, jeraha hili lilifikiriwa kuwa sawa na mpira wa baiskeli uliopasuka kwa kujazwa upepo kupindukia. Fikra hiyo ilibadilika katika miaka ya 1990, watafiti wa Toronto, Canada, walipoonyesha mwaka 1997 kwamba mapafu ya panya yaliyonyooshwa vibaya humwaga kemikali za uvimbe zinazoitwa saitokini.

Kwa maneno mengine, pafu si mfuko bubu. Likinyooshwa kupita kiasi hupiga mbiu, na seli nyeupe za damu huitikia mbiu hiyo na kumiminika kana kwamba kuna adui aliyevamia. Kemikali hizo zikipenya na kuingia katika damu, hufika hata kwenye viungo ambavyo mashine haijavigusa.

Jambo hilo lasaidia kufafanua kitendawili kilichowasumbua madaktari kwa muda mrefu. Wagonjwa wengi wa ARDS hawafi kwa sababu ya kukosa oksijeni. Hufa baada ya viungo kadhaa kushindwa kufanya kazi kwa pamoja.

Miongoni mwa kemikali ambazo wanasayansi wamekuwa wakizimulika katika mbiu hiyo ni histamini. Wakenya wengi huijua kazi yake hata kama hawalijui jina lake. Ndiyo inayofanya mahali palipoumwa na nyuki pavimbe na kuwasha, na ndiyo inayofanya pua ya mwenye mzio ichuruzike vumbi likipeperuka. Dawa ya Piriton, inayopatikana karibu katika kila duka la dawa nchini, hufanya kazi ya kuizuia.

Mwaka 1910, Henry Dale na Patrick Laidlaw wa Uingereza walieleza jinsi kemikali hiyo inavyoathiri mwili. Mnamo 1927, Dale na watafiti wengine walithibitisha kwamba imo kiasili ndani ya ini na mapafu. Haishangazi basi kwamba pafu likiumia, histamini huwa karibu.

Huhifadhiwa hasa ndani ya seli ziitwazo masti, ambazo zimetapakaa chini ya ngozi, kandokando ya njia za hewa na karibu na mishipa midogo ya damu. Seli hizo zikichokozwa, hufungua maghala yake na kuimwaga kwa dakika chache tu.

Hata hivyo, histamini haiwezi kutenda lolote mpaka inase kwenye vipokezi, yaani milango maalum iliyo juu ya seli, kama ufunguo unavyohitaji kufuli lake. Wanasayansi wamevitambua vipokezi vya aina nne, navyo hupewa majina ya H1, H2, H3 na H4.

Kipokezi cha H1 ndicho kinachohusika zaidi na uvimbe. Histamini ikinasa hapo, seli zinazotanda ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu hujikunja na kuachana, na maji ya damu huvuja kupitia nyufa hizo. H1 hukaza pia misuli ya njia za hewa.

H2 hujulikana kwa kuamrisha tumbo kutoa asidi, lakini kipo vilevile kwenye seli za kinga, ambako chaweza kupunguza ukali wa baadhi ya seli hizo. H3 hupatikana zaidi katika mfumo wa neva. H4, ambacho muundo wake ulibainishwa mwaka 2000, hupatikana zaidi kwenye seli zinazozaliwa katika uboho wa mifupa, na husaidia kuziita seli za kinga mahali penye vita.

Ukiyaweka pamoja maarifa hayo, waona jinsi mduara wa hatari unavyoweza kujengeka. Mashine ikilinyoosha pafu kupita kiasi, seli huumia na kupiga mbiu. Wajumbe wa uvimbe, histamini ikiwemo, hulegeza kuta za mishipa. Maji huvuja na kujaza vifuko vya hewa.

Vifuko vikijaa, vinavyobaki wazi hupungua, na kila pumzi inayofuata huvinyoosha zaidi vile vichache vilivyosalia. Mgonjwa anayekusudiwa kusaidiwa huzidi kuihitaji mashine inayomuumiza.

Kishawishi cha dawa rahisi

Mtu aweza kuuliza: iwapo histamini ni miongoni mwa wachochezi, na dawa za kuizuia zauzwa kwa bei nafuu mtaani, mbona wagonjwa walio kwenye mashine wasipewe dawa hizo na jambo likaisha?

Swali hilo si la kipuuzi. Watafiti wa maabara wamelifuatilia kwa kuwafungia wanyama kipokezi kimoja baada ya kingine na kuchunguza iwapo mapafu yatavimba kidogo. Lakini kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa aliyelazwa Kenyatta, Moi au Pwani kuna safari ndefu, na wengi waliojaribu kuikata njia walijikwaa.

Kwanza, histamini ni mjumbe mmoja tu katika umati. Ukimnyamazisha yeye, saitokini na wengineo wangali wanapiga kelele. Pili, vipokezi vyake havisemi lugha moja. Ukikifunga H1 waweza kupunguza uvujaji, lakini ukikifunga H2 kwenye seli za kinga waweza kuwa umeondoa breki iliyokuwa ikizituliza.

Tatu, dawa mpya huja na hatari zake. Dawa moja ya kukizuia kipokezi cha H4, iliyokuwa ikijaribiwa kwa wagonjwa wa ngozi nchini Japan, ilisimamishwa baada ya wagonjwa wawili kupungukiwa mno na seli nyeupe za damu. Kilichoonekana kuwa tiba ya uvimbe kilikuwa kimewanyang'anya wagonjwa hao walinzi wao.

Isitoshe, mwaka 2020 dunia nzima ilishuhudia jinsi matumaini yanavyoweza kukimbia mbele ya ushahidi. Famotidine, dawa ya vidonda vya tumbo inayokizuia kipokezi cha H2, ilisifiwa kuwa huenda ikawaponya wagonjwa wa Covid-19. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha sifa hizo.

Kufikia sasa, hakuna dawa ya kuzuia histamini iliyokubaliwa kuwa tiba ya mapafu yaliyojeruhiwa na mashine. Jamaa wa mgonjwa wasimshinikize daktari awape, wala asitokee mtu wa kuwauzia matumaini hayo kwa chupa.

Hilo halimaanishi kwamba kuutuliza uvimbe ni ndoto. Mnamo Juni 2020, jaribio kubwa la Uingereza lililopewa jina RECOVERY lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyotumika kwa miongo mingi, hupunguza vifo vya wagonjwa wa Covid-19 walio kwenye mashine za kupumulia. Waliofariki walikuwa asilimia 29.3 ya waliopewa dawa hiyo, ikilinganishwa na asilimia 41.4 ya wale ambao hawakupewa.

Lakini jaribio hilo hilo lilionyesha kwamba wagonjwa wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote. Dawa moja, ugonjwa mmoja, matokeo mawili. Pasingekuwa na jaribio lililopangwa vyema, hakuna ambaye angeujua mpaka uliopo kati ya hao wawili.

Kanda Mashariki haina haja ya kufundishwa somo hili na wageni. Mwaka 2011, matokeo ya utafiti wa FEAST, uliowahusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mshtuko wa mwili katika Kenya, Uganda na Tanzania, yaliushangaza ulimwengu wa tiba. Watoto waliomiminiwa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa, kama vitabu vilivyoelekeza, walifariki kwa wingi zaidi kuliko wale ambao hawakumiminiwa. Tofauti ilikuwa takriban asilimia 10.5 dhidi ya asilimia 7.3 katika saa 48 za kwanza.

Dawa ya futi

Wakati dawa ya vipokezi ingali inatafutwa, ipo tiba iliyothibitishwa ambayo gharama yake ni ndogo mno. Nayo ni kupunguza kiasi cha hewa kinachosukumwa katika kila pumzi.

Mwaka 1998, watafiti wa Brazil walitangaza matokeo ya wagonjwa 53 wa ARDS. Waliopumuliwa kwa upole walifariki asilimia 38 katika siku 28, na waliopumuliwa kwa mtindo wa zamani walifariki asilimia 71. Miaka miwili baadaye, utafiti wa Marekani uliowahusisha wagonjwa 861 ulilimaliza suala hilo.

Katika utafiti huo, kundi moja lilipewa mililita 12 za hewa kwa kila kilo ya uzani, na jingine likapewa mililita sita. Vifo vilikuwa asilimia 39.8 katika kundi la kwanza na asilimia 31 katika la pili. Kemikali ya uvimbe iliyopimwa katika damu ilishuka zaidi kwa wale waliopewa hewa kidogo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshapatikana.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza. Uzani unaotumika katika hesabu hiyo si ule wa kwenye mizani. Ni uzani unaokadiriwa kutokana na kimo na jinsia ya mgonjwa, kwani mtu akinenepa mapafu yake hayanenepi pamoja naye.

Tuchukue mfano wa mwanamke mwenye kimo cha sentimita 160 na uzani wa kilo 85. Kwa kimo chake, uzani wa kukadiriwa ni takriban kilo 52, na pumzi inayomfaa ni kama mililita 314. Mhudumu akitumia kilo za mizani, atamsukumia mililita 510. Hiyo ni ziada ya zaidi ya asilimia 60 katika kila pumzi, mara 20 au zaidi kwa dakika, usiku kucha.

Kifaa kinachohitajika kulizuia kosa hilo ni futi ya fundi cherehani. Kinagharimu pesa kidogo kuliko soda. Lakini futi haijipimi yenyewe. Lazima awepo muuguzi mwenye ujuzi, mwenye muda, na ambaye hajagawiwa wagonjwa wanane kwa zamu moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa njia ya kumlaza mgonjwa kifudifudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 466 wa ARDS kali, ulionyesha kwamba waliolazwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi mfululizo walifariki asilimia 16 katika siku 28, ikilinganishwa na asilimia 32.8 ya waliolazwa chali. Hakuna dawa iliyonunuliwa. Ila kumgeuza mgonjwa aliyefungwa mirija kila upande bila kuing'oa kwahitaji watu wanne au watano walioizoea kazi hiyo.

Hesabu ya nyumbani

Kenya imewahi kujaribu kununua njia ya mkato. Mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, ulioanzishwa mwaka 2015, ulinuiwa kufikisha vifaa katika hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa. Vifaa vya kuwahudumia wagonjwa mahututi vilikuwa miongoni mwake.

Kamati maalum ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilielezwa jinsi baadhi ya vifaa vilivyokaa bure kwa kukosa wataalamu, majengo, umeme au maji. Kaunti nazo ziliendelea kukatwa mamilioni ya pesa kila mwaka. Mashine iliyofungiwa stoo haimsaidii yeyote, na mashine iliyoachiwa asiyeijua yaweza kuwa mbaya kuliko ile ya stoo.

Covid-19 ilizidi kuyaanika mapungufu haya barani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet, uliowafuatilia wagonjwa 3,140 waliolazwa katika idara za wagonjwa mahututi za hospitali 64 katika mataifa 10 ya Afrika, Kenya ikiwemo, ulipata kwamba asilimia 48.2 walifariki katika siku 30. Wastani wa dunia ulikuwa takriban asilimia 31.5. Upungufu wa vifaa, na kutovitumia ipasavyo vile vilivyokuwepo, ulitajwa miongoni mwa sababu.

Suala la wahudumu nalo linazidi kutokota. Mnamo 2024, madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na mojawapo ya malalamiko makuu lilikuwa kutoajiriwa kwa madaktari wanagenzi. Nchi haiwezi kuwa na madaktari na wauguzi waliohitimu wakirandaranda kutafuta kazi huku ikilalamika kwamba hakuna wa kuendesha mashine.

Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini, KMTC, kwa miaka mingi kimekuwa na kozi ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Kinachokosekana ni mpango wa kuhakikisha kwamba muuguzi anayehitimu kozi hiyo anapelekwa penye mashine, anabaki hapo, na analipwa kwa kiwango cha ujuzi wake, badala ya kurejeshwa katika wodi ya kawaida au kuhamia ng'ambo.

Pana pia suala la malipo. Chini ya sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa Oktoba 1, 2024 kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ipo hazina maalum ya kugharimia dharura, maradhi sugu na wagonjwa mahututi. Huko ndiko familia nyingi zinakotazamia nafuu, badala ya kuuza shamba au kuitisha mchango ili kulipa gharama za ICU.

Lakini hazina inayohesabu siku za kitanda peke yake hulipia muda, hailipii ubora. Mgonjwa ambaye mapafu yake yamejeruhiwa na mashine hukaa siku nyingi zaidi, na bili yake huwa kubwa zaidi. Hospitali iliyompima vyema na kumtoa mapema hulipwa kidogo. Mfumo wa aina hiyo hauwezi kumtuza anayefanya vyema.

Somo la Kigali

Haitakuwa haki kusema kwamba matumaini hayapo. Mwaka 2016, madaktari wa hospitali kuu ya mafunzo mjini Kigali, Rwanda, pamoja na wenzao wa ng'ambo, walichapisha utafiti uliouliza swali sahili: ugonjwa wa ARDS utatambuliwaje mahali ambapo hakuna mashine ya kupumulia wala kipimo cha gesi za damu?

Hadi wakati huo, ufafanuzi wa kimataifa ulidai vitu hivyo viwepo. Kwa kipimo hicho, mgonjwa asiye na mashine hakuwa na ARDS kwenye karatasi, hata kama alikuwa akifa kwa ugonjwa huo. Madaktari hao walitumia kipimo cha oksijeni cha kubanwa kidoleni na mashine ya picha za mawimbi ya sauti. Kati ya wagonjwa wazima 1,046 waliolazwa, asilimia nne walikuwa na hali hiyo, na nusu yao walifariki.

Miaka michache baadaye, wataalamu wa kimataifa walipoufanyia marekebisho ufafanuzi wa ARDS, vipimo vya aina hiyo vilikubaliwa. Wazo lililojaribiwa Kigali likawa kanuni ya dunia. Afrika Mashariki ilikuwa imeufundisha ulimwengu jinsi ya kuwahesabu wagonjwa waliokuwa wamesahauliwa.

Utafiti wa Kigali wabeba ujumbe mwingine kwa wapangaji wa sera wa Nairobi na kaunti 47. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa hata katika chumba cha wagonjwa mahututi. Walikuwa katika wodi za kawaida, ambako walichohitaji kwanza kilikuwa oksijeni ya uhakika, kipimo cha kidoleni na mhudumu wa kutambua mapema kwamba hali inazorota.

Tume ya kimataifa iliyochapisha ripoti yake kupitia Lancet Global Health mwaka 2025 ilikadiria kwamba watu bilioni tano duniani hawana njia ya kupata oksijeni ya matibabu iliyo salama na ya bei wanayoimudu. Kila mgonjwa anayepata oksijeni mapema na kuepuka mashine ni mgonjwa ambaye mapafu yake hayatanyooshwa na mashine hiyo.

Yaliyo ndani ya uwezo

Hatua za kuchukua si za kimiujiza. Kwanza, kila kitanda chenye mashine ya kupumulia kiwe na futi na jedwali la kimo, na kiasi cha hewa kiandikwe kwenye faili kwa kulinganisha na uzani wa kukadiriwa. Asiyeandika hawezi kuulizwa, na asiyeulizwa hujisahau.

Pili, kaunti inapotangaza idadi ya mashine zake, itangaze pia idadi ya wauguzi waliosomea kazi hiyo katika kila zamu, na wagonjwa wangapi walitoka hai. Mwakilishi wa wadi anayepitisha bajeti ana haki ya kuziona tarakimu hizo tatu pamoja.

Tatu, malipo ya SHA yafungamanishwe na viwango vya huduma, ili hospitali inayoyalinda mapafu ya mgonjwa isipate hasara kwa kufanya hivyo. Nne, fedha za oksijeni na za matengenezo zisikatwe kila bajeti inapobanwa, kwani mashine bila hewa ni pambo.

Tano, taasisi za utafiti nchini, zilizokwisha kudhihirisha uwezo wao kupitia FEAST, ziwezeshwe kushiriki katika majaribio ya dawa za kutuliza uvimbe wa mapafu. Iwapo siku moja itapatikana dawa ya kuvifunga vipokezi vya histamini bila kumnyang'anya mgonjwa kinga yake, Wakenya hawapaswi kuwa wa mwisho kujua iwapo inawafaa.

Siku hiyo ingali mbali. Kwa sasa, mgonjwa aliyelala bila fahamu, mrija kooni, hawezi kulalamika kwamba pumzi anayosukumiwa ni kubwa kuliko pafu lake. Mapafu yake hulalamika kwa niaba yake, kwa lugha ya kemikali na maji yanayovuja. Serikali iliyonunua mashine ina wajibu wa kumweka kando yake mtu anayeielewa lugha hiyo, na anayejua kuigeuza swichi kabla ya mambo kuharibika.